Tumbo Ndilo Linalopanda

Temeke, Jumapili alasiri

Mwanangu Namsifu,

Barua huanza kwa kujuliana hali, nami hali yako naijua. Asubuhi umekunywa uji vikombe viwili, mchana chakula hakikupita, na sasa umekwenda na baba yako Chang'ombe kuwaaga shangazi zako. Nyumba imetulia. Nimekaa kwenye meza ya baba yako, nimechukua kalamu yake bila ruhusa, na nadhani mpaka mrudi nitakuwa nimemaliza kukuandikia jambo ambalo nimeshindwa kukwambia kwa mdomo tangu ulipopata akili ya kuniuliza.

Habari za chandarua, za kuchemsha maji, za kutomwazima mtu shuka lako, shangazi zako wamekwisha kukueleza na leo watakueleza tena. Mie sizirudii. Unakwenda kusomea ukunga. Utaishika miili ya wanawake wenzako siku ambazo hawana pa kuificha. Basi nataka kwanza uujue mwili mmoja, wangu mimi mama yako, na umjue mwanamke aliyenirudishia.

Nilishuka kutoka Upare nikiwa na miaka kumi na tisa. Baba yako alikuwa amepata kazi ya ukarani mjini, na tukapanga vyumba viwili Buguruni, katika nyumba ndefu yenye ua mmoja wa wapangaji wote. Chumba kilichotazamana na changu alikaa Bi Mwanahawa, mjane wa Kizaramo wa umri wa mama yangu, msuka makuti. Kutwa alikaa chini kwenye baraza yake, miguu ameinyoosha, majani ya minazi yamemzunguka, anasuka. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kama wa askari, ila askari hujikaza, yeye hakujikaza.

Nilimdharau, mwanangu. Sitafuti neno laini. Mimi nilisoma shule ya misheni, naandika, naimba sauti ya pili kanisani. Yeye alikuwa hajui kusoma hata jina lake kwa herufi zetu, anatafuna tambuu, anaenda pembeni na kanga yake kuswali. Nilimwamkia, ndiyo, kwa kuwa nililelewa. Lakini shikamoo yangu iliishia mdomoni.

Kaka yako Elia alizaliwa mkubwa, na uchungu wake ulinishika siku moja na nusu. Alipotoka, wanawake wa ua ule waliniletea maji ya moto ya kunikanda na mkaja, kile kitambaa kirefu cha kumfunga mzazi tumboni. Bi Mwanahawa ndiye aliyekishika. Nikakataa. Nikawaambia kwetu milimani wanawake hatufungwi kama mizigo, sisi tunazaa na kesho tunabeba kuni.

Huo ulikuwa uongo. Kwetu mzazi hukaa ndani miezi mitatu, analishwa, anatunzwa, hagusi jembe wala mtungi. Mama yangu angesikia maneno yale angelia. Lakini mama yangu alikuwa mbali, nami nilitaka watu wa pwani waone kwamba sihitaji kitu chao. Siku ya tano nikajitwika debe la maji kutoka kisimani. Niliona wanavyonitazama, nikafurahi.

Wiki ya tatu nilianza kusikia kama kuna kitu kimekatika katikati yangu. Nikilala chali na kuinua kichwa, tumbo lilichomoza kama mgongo wa samaki, na kila upande wa pale palikuwa na unyonge. Vidole vitatu vilizama bila kupingwa na kitu. Mgongo ukaanza kuuma chini kabisa, kwenye nyonga. Nikikohoa, mkojo unanitoka. Nakuandikia haya kwa sababu utakutana na wanawake watakaokwambia wana homa, kumbe ni hili, na wataangalia ukutani wakati wanakwambia. Mie nilimficha hata baba yako. Niliacha kuimba kanisani, maana sauti ilihitaji tumbo ambalo sikuwa nalo, nikasema koo linaniwasha.

Elia alipofika miezi saba, asubuhi moja baba yako amekwisha kwenda kazini, niliinama kumtoa kwenye mkeka uani. Nilipofika katikati ya kuinuka mgongo ukaniacha. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Uliniacha kama mtu anavyoachia kamba. Nikaanguka naye, na paji la uso wake likagonga ukingo wa kinu. Kovu analolichezea akiwa anawaza ndilo hilo. Yeye anajua alianguka kitandani. Baba yako pia ndivyo alivyojua kwa muda mrefu, kwa sababu ndivyo nilivyomwambia jioni ile.

Bi Mwanahawa ndiye aliyemwokota mtoto. Alimkandamizia kanga kwenye jeraha mpaka damu ikakata, akaniwekea mto wa makuti chini ya magoti, akakaa nami pale. Kesho yake asubuhi alivuka ua akasimama mlangoni kwangu.

"Mama Elia," akasema, "mtoto hakuanguka kitandani. Mmeanguka wote wawili. Safari ijayo utaangukia wapi?"

Wakati huo baba yako alikuwa amewaandikia wazee wake kwamba afya yangu si nzuri, na jibu lilikuwa limekuja: nirudishwe nyumbani nikapumzike, na mtoto nimwache kwa wifi yangu hapa mjini, maana ana nguvu za kumbeba. Barua hiyo ilikuwa imekunjwa chini ya godoro. Niliitoa nikamsomea Bi Mwanahawa. Sijui kwa nini nilimsomea yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kuchukua mkeka wake.

Baba yake alikuwa mkwezi wa minazi Kunduchi. Hakujaliwa mtoto wa kiume, na kila alfajiri kabla hajatoka alifanya mazoezi yake chini, mchangani, binti yake akimfuata kila anachofanya. Mzee huyo alikuwa akisema kwamba mnazi haupandwi kwa mikono. Mikono inashika tu, miguu inasukuma tu, tumbo ndilo linalopanda. Mkwezi mwenye mikono minene na tumbo legevu huanguka mnazi wa tatu. Bi Mwanahawa hakuwa mkwezi, lakini alizaa watoto watano, na baada ya kila uzazi aliyarudia mambo ya baba yake taratibu mpaka mwili ukarudi mahali pake. Hakuna kingine alichokuwa nacho cha kunipa. Si dawa, si kafara.

Siku ya kwanza nilidhani ananitania. Alinilaza chali, magoti juu, akaweka kiganja chake chini ya kitovu changu, akaniambia nitoe pumzi kama mtu anayepoza chai ya mgeni, polepole, isije ikamwagika. Basi. Nikamwuliza nikaze wapi. Akasema, "Sitaki ulikaze. Nataka liamke." Wiki mbili nzima tulifanya hilo tu, na la kuinamisha na kuinua nyonga kidogo kidogo, mpaka nikaanza kusikia ndani kabisa kitu kinachosogea ambacho sikukitambua kama changu.

Halafu akanionyesha kujigeuza. Unalala chali, unaanza na macho, kichwa kinafuata, bega linafuata, nyonga inakuja yenyewe, na ghafla uko kifudifudi wala hukusukuma kwa mkono. Nilishindwa. Nilijirusha kama samaki nchi kavu. Akacheka, akamnyooshea kidole Elia, ambaye wakati huo huo alikuwa anajigeuza mkekani bila kazi yoyote.

"Mtazame mwalimu wako," akasema. "Yeye hana aibu, ndiyo maana kila siku anaongeza nguvu."

Basi tukawa wanafunzi wawili, mimi na kaka yako. Alipoanza kutambaa, nami nikatambaa. Alipoanza kuchuchumaa na kusimama, nami nikafuata. Lakini yangu ilikuwa na masharti. Kutambaa kwangu kulikuwa kwa kenge: mikono na vidole vya miguu chini, magoti yameinuliwa kiasi cha kupitisha kiganja, mkono wa kulia na mguu wa kushoto pamoja, taratibu kiasi kwamba kikombe cha maji kingekaa mgongoni. Kutoka hapo unakaa, kutoka kukaa unabingirika, kutoka kubingirika unachuchumaa, unasimama, unarudi chini. Hakuna pa kukatiza. Alitaka jambo moja liingie katika jingine kama maji yanavyomiminwa kutoka chungu hadi chungu. Na muda wote nilitakiwa nimsimulie nilichopika jana, tangu kuosha mchele. Nikishindwa kusema, ananisimamisha, maana anayezuia pumzi amekwisha kuanza kudanganya.

Kosa langu la pili lilikuwa haraka. Nilipoona napata nafuu, nikaanza kujifungia ndani na kufanya kama tulivyofundishwa gwaride shuleni, moja, mbili, moja, mbili, mwili mkavu kama ubao, mara hamsini, mara sitini. Siku ya nne sikuweza kuinuka kitandani. Nilimkuta Bi Mwanahawa amekaa pembeni yangu, na nilitegemea anigombeze. Aliniuliza tu, "Mwanangu, unapigana na nani?"

Nimejiuliza swali hilo mara nyingi kuliko swali lolote nililowahi kuulizwa na mchungaji. Nilikuwa napigana naye yeye. Nilitaka nipone upesi ili nisimhitaji.

Tulianza wakati wa vuli. Kiangazi kilipokwisha na masika yakakaribia, niliweza kubeba nusu debe la maji kutoka kisimani, mkononi kwanza, halafu kichwani. Nilicheka peke yangu njiani watu wakanishangaa. Baba yako aliwaandikia wazee wake kwamba siji. Nikarudi kwenye sauti yangu ya pili. Na siku niliyomwinua Elia juu, juu kabisa, mpaka miguu yake ikapita kichwa changu, Bi Mwanahawa aliacha kusuka akapiga vigelegele.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Alasiri moja nilikuwa mkekani uani, kanga nimeifunga vizuri, natambaa kenge, Elia yuko ubavuni kwangu, Bi Mwanahawa amekaa karibu anasikiliza habari za mchuzi wangu wa jana. Wakaingia wanawake watatu wa kanisani kwetu kunitembelea, mbele yao Mama Yohana, ambaye umemfahamu akiwa mtu mzima mpole, lakini enzi zile alikuwa na sauti ya kuamrisha. Walisimama. Mama Yohana akaniuliza, "Mama Elia, nini hiki? Unachezwa ngoma kama mwali?"

Nilisimama upesi. Niliona mikono yangu ina vumbi. Niliona tambuu kwenye midomo ya Bi Mwanahawa kama vile siku ya kwanza.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa nacheza na mtoto. Huyu mama amekuja kuuza makuti. Simfahamu sana."

Alikuwa umbali wa mkono wangu. Hakuwa na kuti hata moja. Aliwatazama wale wageni, akanitazama mimi, nami nikaangalia chini. Akasema kwa upole, "Kweli, nimekuja na biashara ya makuti. Nitapita siku nyingine." Akakunja mkeka wake, akavuka ua, akaingia chumbani kwake, ambacho wageni wale hawakujua kuwa ni chake, hatua ishirini kutoka changu.

Niliwapikia chai. Waliikuta tamu.

Hakurudi, nami sikumfuata. Kila siku nilikuwa na sababu: leo amechelewa kuamka, leo ana wateja, leo mvua. Tulipokutana kisimani nilimwamkia na akaitikia marahaba, na hapo tukaishia. Niliendelea na mazoezi peke yangu, mlango nimefunga. Na ajabu, mwili uliendelea kupata nguvu. Mwili wangu ulinisamehe kabla yake, na hilo liliniaibisha zaidi kuliko kama ningeugua tena.

Halafu nikapata mimba. Ni wewe.

Mwezi wa nne mgongo ulianza kuniuma mahali palepale. Niliogopa sana. Nikakaa siku mbili naogopa, siku ya tatu nikavuka ule ua. Nilimkuta anasuka.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."

"Marahaba." Mikono haikusimama.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Kwa lipi?"

Alijua kwa lipi. Lakini alinitaka niseme, nami nikasema yote, la makuti, la kutomfahamu, hata la mkaja na uongo wangu wa watu wa milimani. Nilisema nimesimama, maana hakunikaribisha kuketi. Nilipomaliza akaweka kuti chini.

"Nilikungoja kesho yake," akasema. "Nikakungoja na Ijumaa. Kisha nikasema, basi, huenda kweli hanifahamu."

Nililia, Namsifu. Hakunifuta machozi. Alisema radhi amenipa, mbele ya Mungu hana kinyongo, lakini kwangu hatakuja tena. Nikimtaka, nitavuka ua mimi, mchana, watu wakiona, nitalala kwenye mkeka wake, barazani kwake. Nilikubali. Ndipo akatazama tumbo langu kwa mara ya kwanza, akasema, "Haya, njoo ulale nikuone."

Miezi mitano nilivuka ua ule kila alasiri. Alinibadilishia mambo yote kwa ajili yako: hakuna kulala chali, hakuna kenge, bali magoti na mikono chini, mgongo unapinda na kunyooka kama wa paka aliyeamka, nyonga zinazunguka, kuchuchumaa nimeshika nguzo ya baraza. Watu waliona. Mama Yohana naye alisikia, akaniuliza baada ya ibada kama ni kweli yule muuza makuti ananifundisha mambo. Nilimwambia ndiyo, ni mwalimu wangu, na kwamba siku ile nilisema uongo. Kwa muda sikuitwa kusoma kwenye kikao cha wanawake, na wawili watatu waliacha kuniamkia. Nilikuwa nimetazamia adhabu kubwa zaidi.

Siku hiyo hiyo nilimweleza baba yako kila kitu, hata la Elia na kinu. Nilidhani nimemwumiza. Akauliza, "Lakini unapata nafuu?" Nikasema napata. Jumamosi alirudi na mkeka mpya ameufunga nyuma ya baiskeli. Mwanangu, utakutana na wanaume wasemaji sana. Mie Mungu alinipa yule.

Ulizaliwa alfajiri, bila shida kubwa, nimechuchumaa, nimemshika Bi Mwanahawa shingoni. Yeye ndiye aliyenifunga mkaja siku hiyo, nami nikainua mikono anifunge vizuri. Nikakaa ndani siku arobaini kama mtu mwenye akili. Tulipokupeleka kubatizwa, nilitaja majina mawili, Namsifu na Hawa. Mchungaji alifurahi, akadhani nimemkumbuka mama yetu wa kwanza katika Mwanzo, nami nikamwacha afurahi. Sasa unajua Hawa wako ni yupi. Alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha, kwa sababu hakutaka kuingia wala hakutaka kukosa. Nilikutolea dirishani akakushika kichwa.

Tulipohamia hapa Temeke, yeye alirudi Kunduchi kwa mdogo wake. Nilikwenda kumwona kila nilipopata nafasi, na mara mbili nilikuchukua. Labda unakumbuka bibi aliyekufundisha kubingirika kwenye mchanga ukajaza nywele zote. Safari moja nilimpelekea habari iliyomchekesha mpaka akashika mbavu. Mama Yohana alikuwa amekuja hapa kwangu, peke yake, baada ya uzazi wake wa sita. Alikaa kwenye kiti akaangalia ukutani. Akasema ana homa. Nikamwacha aseme homa mpaka akachoka, kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nionyeshe, Mama Elia. Siwezi kuinua hata ndoo." Nilimwambia nitamwonyesha, ila kwanza nimwambie nimefundishwa na nani. Akasema anajua. Nikasema najua kwamba unajua, lakini nataka nilitaje jina lake. Nikalitaja, naye akalirudia. Ndipo nikatandika mkeka.

Bi Mwanahawa alipomaliza kucheka aliuliza kama Mama Yohana anapumua vizuri. Nikasema anajifunza. Akasema, "Mwambie asipigane." Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya mafundisho aliyonipa. Alifariki mwaka ule ule, kwa homa fupi ya siku tatu. Nilifika maziko yamekwisha. Nilikaa na wanawake kwenye mikeka, na mdogo wake akawaambia watu, huyu ni mwanafunzi wake. Hakuna cheo nilichowahi kupewa kikanifaa namna hiyo.

Nashukuru, mwanangu. Nimekaa hapa nikijaribu kuhesabu ninachoshukuru, nikaona hakihesabiki: kwamba Elia amekua mikononi mwangu na si kwa wifi yangu, kwamba nilikuzaa wewe na wadogo zako wawili na bado nikikohoa nakohoa tu, kwamba baba yako hakufanya nilichostahili, kwamba nilipomkana mtu alinipa nafasi ya kuvuka ua. Hata kwa kuanguka kwangu nashukuru, ingawa la kovu la kaka yako nitamwomba radhi mwenyewe atakapokuja likizo.

Sasa la juzijuzi. Jumanne wanawake ninaowafundisha mkekani walikuwepo uani kama kawaida, watano, na Mama Yohana miongoni mwao na mvi zake. Mwalimu wako akaja kukuaga, akakuuliza wale kina mama wanafanya nini. Nilikuwa jikoni. Nikakusikia ukisema, "Sijui, ni michezo ya zamani tu, mama anawaonea huruma." Kisha ukamwingiza ndani haraka.

Usiogope. Sikukasirika. Nilisimama pale na mwiko mkononi nikaijua sauti ile, maana ni yangu, nilikuwa nayo nikiwa na umri karibu na wako. Ndiyo iliyonikalisha kwenye meza hii leo. Sikutaka uende na kitu changu ukidhani ni cha kuonewa aibu, halafu uje ukigundue peke yako ukiwa na miaka arobaini, mtu wa kumwomba radhi amekwisha kuzikwa. Huko utafundishwa mengi nisiyoyajua, kwa vitabu na vyombo, na uyashike yote. Lakini atakuja mzazi aliyelegea, hana dawa ya kuandikiwa, na waliokutangulia watakwambia aende nyumbani akapumzike. Huyo mlaze chini, weka kiganja chako chini ya kitovu chake, mwambie apoze chai ya mgeni. Akikuuliza umelipata wapi, utamjibu utakavyoona. Mie nimekwisha kukupa jina.

Nasikia kengele ya baiskeli ya baba yako, na wewe unawaitikia majirani. Bado neno moja. Sanduku lako la bati limejaa vitabu na baba yako amesema kesho aje mchukuzi na mkokoteni alifikishe kituo cha basi. Nimemkatalia. Nimelijaribu mchana huu mlipotoka, nimelitoa chini mpaka kichwani bila kushikilia pumzi, huku najisimulia wali wa jana. Nitalibeba mimi. Tutatembea pamoja, wewe mikono mitupu, ukiaga watu. Wakisema binti mzima anamwachia mama yake mzigo, nyamaza tu, wala usije ukanipokea njiani.

Mama yako